Mzigo Unaoweza Kusubiri: Utangulizi wa Elimu ya Uchukuzi wa Kimataifa

Kila Januari, mvua za vuli zikishakatika, Kitui na Makueni huwa na mavuno mawili mkononi. Kule Mwingi, Zombe na Mutomo watu wanapura ndengu na kuzipepeta. Huku Wote, Kathonzweni na Kalamba maembe yanaiva kwa wingi kuliko walaji. Mkulima huyaona kuwa mazao ya msimu mmoja, lakini mtu wa uchukuzi huona vitu viwili visivyo na udugu wowote. Ndengu zilizokaushwa vizuri zikatiwa katika gunia lisilopitisha hewa hukaa miezi bila kuharibika. Embe lililokomaa likishachumwa na kuachwa katika joto la Wote, lina siku chache tu kabla ya kulainika. Ukiuliza ni kipi rahisi kukifikisha Dubai au Rotterdam, jibu halitatokana na umbali, maana vyote viwili vitateremka kwenye barabara ile ile ya Mombasa. Litatokana na swali ambalo ningependa msomaji alichukue kuanzia hapa: mzigo huu unaweza kusubiri siku ngapi?

Karibu katika elimu ya uchukuzi wa kimataifa. Ni elimu ya kupanga safari ya bidhaa kutoka inakozalishwa hadi inakotumiwa, kupitia maghala, malori, reli, bandari, forodha, meli na ndege. Anayeisomea hutakiwa kutimiza mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni gharama: mzigo ufike bila nauli kumeza faida. La pili ni huduma: ufike siku iliyoahidiwa, ukiwa mzima, na hati zake zikiwa kamili. La tatu ni uendelevu: safari isiache nyuma hewa chafu, ardhi iliyochoka na watu waliopoteza riziki. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, nasi hapa tumeambiwa tushike tatu.

Naamini ugomvi wa hayo matatu una kiini kimoja, nacho ni muda. Haraka ndiyo inayouzwa ghali, na haraka ndiyo inayochoma mafuta. Mzigo usioweza kusubiri hupandishwa ndege. Ule unaoweza kusubiri hupata meli, hupata reli, na hupata hata nafasi katika kontena ambalo lingerudi tupu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya elimu hii, kinyume na wengi wanavyodhani, haihusu namna ya kuharakisha safari. Inahusu namna ya kuuongezea mzigo subira kabla safari haijaanza. Na subira hiyo hutengenezwa shambani, yaani Kitui na Makueni, wala haitengenezwi bandarini.

Biashara ya zamani

Msomaji wa Ukambani haingii katika taaluma hii kama mgeni. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ndiyo iliyokuwa ikitoa pembe za ndovu bara na kuzifikisha Mombasa. Kiongozi aliyevuma zaidi alikuwa Kivoi wa Kitui. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alisafiri kutoka Rabai akamfikia mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, akauona Mlima Kenya na theluji yake. Mwaka 1851 walikuwa pamoja katika safari ya kuelekea Mto Tana waliposhambuliwa njiani, na Kivoi akauawa.

Swali la mtu wa uchukuzi ni hili: kwa nini pembe, na si mtama wala wimbi? Mpagazi mmoja hubeba kilo 30 hivi, na safari ya kwenda pwani huchukua siku nyingi za kutembea. Ukimtwika nafaka, sehemu kubwa ataila yeye na wenzake kabla ya kuiona bahari. Pembe haiozi, hailiwi njiani, na kilo moja yake ina thamani kubwa. Ikifika Mombasa inaweza kuwekwa ghalani hadi majahazi yawe tayari kuondoka. Majahazi hayo yalikuja na kaskazi na kurudi Uarabuni na Bara Hindi kwa kusi. Upepo haukuwa na bei wala moshi. Ila huduma ilikuwa moja tu: ukiikosa kusi ya mwaka huu, unangoja ya mwakani. Kwa hewa safi, meli za injini za leo haziufikii mpango ule.

Kulikuwa na kasoro moja. Pembe iliweza kusubiri, ndovu hawakuweza. Wanyama walipopungua karibu, wawindaji walilazimika kwenda mbali zaidi, na baadaye misafara ya wafanyabiashara wa pwani ikaingia bara yenyewe na kuwapiku Wakamba. Mwanafunzi aukumbuke mfano huu kila atakaposikia uendelevu ukipimwa kwa moshi wa injini peke yake. Mzigo uliosafirishwa bila moshi hata kidogo unaweza kuwa ndio ulioimaliza rasilimali yake.

Embe kwa karibu

Tulichukue sasa embe la Makueni, kaunti inayoongoza nchini kwa zao hilo, tulifuate hatua kwa hatua.

Kikwazo cha kwanza kina mbawa. Mwaka 2003 watafiti wa taasisi ya icipe waligundua nchini Kenya nzi wa matunda kutoka Asia, anayeitwa kitaalamu Bactrocera dorsalis. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai chini yake. Kwa nje hubaki alama ndogo ambayo jicho la mchumaji halitaiona. Funza huanguliwa ndani, na huenda wakagunduliwa siku embe linapopasuliwa na mkaguzi ng'ambo. Funza mmoja akionekana, shehena nzima inaweza kukataliwa. Mwaka 2014, baada ya mizigo kunaswa hivyo mara kwa mara, Kenya yenyewe ilisimamisha upelekaji wa maembe katika soko la Umoja wa Ulaya. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2021.

Miaka saba hiyo inafundisha jambo ambalo mwanafunzi mpya hulipita haraka. Barabara ilikuwepo, bandari ilikuwepo, meli zilikuwepo, na wanunuzi walikuwepo. Njia ilifungwa na nzi. Kwa hiyo mtego wa plastiki unaoning'inia kwenye mwembe wa Kathonzweni, wenye kivutio cha kunasia madume, ni chombo cha uchukuzi sawa na trela. Vivyo hivyo kazi ya kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia, au kuyafunga katika mifuko myeusi juani hadi funza wafe. Anayefanya kazi hiyo anafungua njia ya bahari, ingawa hajawahi kuiona bandari.

Kikwazo cha pili ni siku. Embe la kusafiri huchumwa likiwa limekomaa lakini bado gumu, mabega yake yakiwa yamejaa. Hukatwa na kikonyo kidogo, kisha huinamishwa ili utomvu utoke bila kuliunguza ganda. Hupangwa katika kreti, maana gunia hulichubua, na mchubuko wa leo ni uozo wa wiki ijayo. Kisha lipozwe mapema. Joto linalolifaa ni nyuzi 12 au 13. Likishuka chini ya 10, embe huumia kwa baridi, ganda linapata weusi na nyama haiivi sawasawa. Masoko mengine yanadai pia litumbukizwe katika maji ya nyuzi 46 hivi kwa zaidi ya saa moja ili kuua mayai ya nzi.

Ukifanya yote hayo, embe litakaa wiki mbili hadi tatu. Sasa piga hesabu. Kwa bahari, Mombasa hadi bandari za Ghuba ni wiki mbili hivi, pamoja na kusubiri. Inawezekana, na ndiyo maana Ghuba imekuwa soko kubwa la maembe ya Kenya. Mombasa hadi Rotterdam kupitia Mfereji wa Suez ni takribani wiki nne, hasa kontena likihamishwa meli njiani. Hapo hata embe linalokaa wiki tatu limepungukiwa na wiki moja. Wiki hiyo unaweza kuinunua kwa njia mbili: kwa ndege, inayofika kwa siku moja, au kwa kontena la friji linalodhibiti pia hewa ya ndani, likipunguza oksijeni na kuongeza hewa ukaa kwa kiasi ili tunda lipumue polepole.

Tofauti ya njia hizo mbili ni kubwa. Ndege hutoza kwa kilo, wakati kontena la friji la futi 40 linabeba tani 20 na zaidi kwa nauli moja. Kwa makadirio ya kawaida, tani moja ya matunda ikipelekwa Ulaya kwa ndege husababisha tani kadhaa za hewa ukaa. Tani hiyo hiyo kwa meli husababisha kilo mia mbili au tatu. Parachichi la Kenya, ambalo huvumilia baridi zaidi, limeshahamia baharini kwa sehemu kubwa. Embe bado linaitafuta wiki yake moja.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ndege ni adui wa kila siku. Embe lililooza kontenani limekwisha kutumia maji ya shamba, mbolea, dizeli ya lori, umeme wa friji na mafuta ya meli, na halikumlisha mtu. Uchukuzi wa polepole ulioshindwa huchafua bure. Gharama, huduma na uendelevu hukutana hapo: huduma ikivunjika, hata akiba na usafi wa hewa vinapotea.

Bahari na mwendo

Kuna kanuni ya baharini ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuijua. Mafuta ambayo meli huchoma kwa saa hupanda takribani kwa kipeo cha tatu cha kasi. Punguza kasi kwa asilimia 10, na mafuta ya kila saa yatapungua kwa asilimia 27 hivi. Safari itakuwa ndefu zaidi, lakini mafuta ya safari nzima bado yatapungua kwa asilimia 19 hivi. Mwenye meli hupenda mwendo huo kwa sababu ya mkoba wake, na mwanamazingira kwa sababu ya moshi. Anayelalamika ni mwenye embe. Mwenye ndengu hana neno.

Huenda mwendo huo usibaki hiari. Shirika la Kimataifa la Bahari liliazimia mwaka 2023 kwamba uchafuzi wa meli ufikie sifuri halisi karibu na mwaka 2050. Tangu Januari 2024, meli kubwa zinazoingia bandari za Umoja wa Ulaya zinalipia sehemu ya hewa ukaa zinayotoa, na malipo hayo huishia katika nauli ya kontena. Kisha kuna mambo yasiyopangwa. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli kuuacha Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari za kwenda Ulaya zikarefuka kwa wiki moja hadi mbili. Mkulima wa Kalamba hakuhusika na mashambulizi hayo kwa lolote, ila wiki zile zilimfikia.

Barabara, reli na kontena tupu

Turudi nchi kavu. Makueni imekaa juu ya mshipa mkuu wa biashara ya Afrika Mashariki. Reli ya zamani iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipita Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, ikafika Nairobi 1899. Barabara kuu iliifuata, na reli mpya ya SGR, iliyofunguliwa 2017 na kuanza kubeba mizigo ya biashara 2018, ikafuata pia. Kitui ilikuwa pembeni, lakini kuwekwa lami kwa barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui kumeifungulia njia ya kusini kwenda pwani bila kuzunguka Machakos.

Simama Emali jioni moja uangalie malori. Yanayotoka Mombasa yamelemewa, mengine yakikaribia tani 56 ambazo ndizo kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yanayoteremka kwenda Mombasa mengi yana makontena matupu. Kenya huagiza vitu vingi kuliko inavyouza nje, hivyo kontena lililoleta matairi au nguo linarudi na hewa. Dizeli ya safari hiyo itachomwa, uwe umepakia au hujapakia. Ndiyo maana nauli ya kuteremka huwa nafuu kuliko ya kupanda, na mzigo uliowekwa ndani ya kontena hilo hauongezi moshi ila kidogo.

Nani anaweza kulidaka kontena hilo? Mwenye ndengu. Ndengu ya aina ya nylon au uncle iliyokauka vizuri haihitaji friji. Inaweza kukaa katika ghala la chama cha ushirika hadi zitimie tani za kujaza kontena, halafu ikangoja lori linaloteremka. Hata soko likiwa Dubai, ndengu inayo anasa ambayo embe haina: kuchagua siku ya kusafiri. Lakini anasa hiyo ina masharti. Ndengu mbichi zikifungiwa huota ukungu, na zikihifadhiwa vibaya fukusi huzitoboa hadi zikabaki unga. Ukaushaji na gunia la tabaka tatu lisilopitisha hewa ndivyo vinavyozipa subira. Mkulima anayeuza ndengu zake kwa dalali wiki ile ile ya mavuno, kwa sababu ada ya shule haingoji, ameiuza na subira yake pia. Dalali ndiye atakayevuna faida ya kungoja. Hapa ndipo mwanafunzi anapogundua kwamba mkopo wa stakabadhi ya ghala, yaani mkopo unaodhaminiwa na mazao yaliyohifadhiwa, ni mada ya uchukuzi.

Reli nayo ina somo lake. Treni moja ya SGR huweza kuvuta makontena zaidi ya mia moja, na kwa kila tani hutumia mafuta machache kuliko lori. Kwenye karatasi, huo ni ushindi wa mazingira. Mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo inayoingia nchini kupelekwa bara ipandishwe SGR. Wenye malori na wakazi wa Mombasa waliandamana, na Septemba 2022 Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudi bandarini Mombasa. Waathirika hawakuwa pwani peke yao. Mtito Andei na Emali ni miji iliyolelewa na dereva anayesimama kula, kulala, kuziba tairi na kujaza mafuta, na treni ya mizigo haisimami kununua ugali. Anayehesabu uendelevu kwa hewa ukaa pekee ataipa reli alama zote. Anayehesabu na riziki za watu atauliza swali la ziada: stesheni za Kibwezi na Emali zinaweza kupakia nini, ili treni inayowapita wenyeji iwe pia inawachukulia?

Kuubadili mzigo wenyewe

Kuna jibu la tatu kwa tatizo la muda, nalo ni kuugeuza mzigo uwe kitu kingine. Serikali ya kaunti ya Makueni ilijenga kiwanda cha matunda huko Kalamba, ambako maembe husagwa kuwa rojo na kufungwa bila vijidudu. Rojo hiyo hukaa miezi mingi. Embe la siku chache limegeuka bidhaa inayoweza kungoja meli ya polepole, bei nzuri, au kontena tupu. Maembe yenye doa, ambayo hakuna mnunuzi wa ng'ambo angeyatazama, yamepata kazi. Kukausha vipande vya embe hufikia lengo lilo hilo, tena kwa kuacha maji nyumbani badala ya kuyalipia nauli.

Bei ya kilo kiwandani, hata hivyo, haifikii ile ya embe teule la kusafirishwa bichi. Basi mpango wa busara huyagawa mavuno: teule kwa soko la mbali, la kati kwa Nairobi na Mombasa, lenye doa kwa kiwanda. Kugawa huko kunaonekana kazi ndogo ya kina mama wanaokaa na kreti kivulini. Kwa kweli ndiko maamuzi makubwa ya uchukuzi yanakofanyika, kwa sababu kila embe linapangiwa hapo idadi ya siku zake na chombo chake.

Nani analipa?

Mwanafunzi asimalize utangulizi bila kujua maneno ya mkataba. Tangu 1936 Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, chenye makao Paris, kimekuwa kikichapisha masharti ya biashara yanayoeleza muuzaji anabeba gharama na hatari hadi wapi. Toleo la 2020 lina masharti 11. Ukiuza kwa FOB Mombasa, hatari ni yako mpaka mzigo upakiwe melini. Ukiuza kwa CIF, unalipa pia nauli na bima hadi bandari ya mnunuzi. Ukiuza shambani, mnunuzi hubeba yote, na bei yake huonyesha hivyo. Wakulima wengi wa Makueni huuza shambani bila kujua kwamba wamechagua sharti lolote. Kisha hati moja ya afya ya mimea ikichelewa na kontena likapitisha siku zake za bure, demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, huanza kuhesabiwa kila siku, na mwishowe bei ya msimu ujao shambani hushushwa ili kuifidia.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutaka elimu hii isomwe Kwa Vonza, Wote na Mwingi, isibaki ya ofisi za Mombasa na Nairobi. Gharama ya kusubiri huteremka mnyororo mzima hadi kwa yule asiyejua kuihesabu.

Kwa hiyo zoezi la kwanza la msomaji ni hili. Chagua zao moja la kwenu: embe, ndengu, asali, kuku wa kienyeji, chochote. Andika siku ambazo linaweza kukaa bila kuharibika kama lilivyo leo. Andika pembeni siku ambazo njia ya bei nafuu na moshi mchache inahitaji kulifikisha sokoni. Ukikuta hesabu ya kwanza inazidi ya pili, huhitaji barabara mpya wala ndege, unahitaji ghala na mkataba mzuri. Ukikuta imepungua, tafuta ni wapi kati ya shamba na bandari siku hizo zinapotea, na ni kipi kinachoweza kuzirudisha kwa fedha kidogo zaidi: kivuli, kreti, mtego wa nzi, gunia lisilopitisha hewa, au mtambo wa kukaushia. Ukimaliza hesabu hiyo kwa zao moja, umeshaanza kazi ya mtaalamu wa uchukuzi, na sura zote ngumu za taaluma hii zitakuwa ni kuirudia hesabu ile ile kwa mizigo mikubwa zaidi.